Kabla hamjawaondoa wauza supu stendi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu wa Mtwara aliyeandika hivi karibuni kwamba vibanda vya chakula vinaitia aibu miji yetu ya kusini, na kwamba mgeni akishuka Mtwara au Lindi hana pa kula pa maana mpaka aje mwekezaji ajenge hoteli ya ghorofa, yenye kiyoyozi na orodha ndefu ya vyakula. Ushauri wake ni kwamba vibanda viondolewe kwanza, hoteli itafuata. Mimi ni mwanamke wa Lindi, afisa ugani mstaafu. Kazi yangu ilinizungusha Liwale, Nachingwea, Ruangwa mpaka Newala, na kote huko nilikula vibandani. Kuna siku nilishukuru na kuna siku nililala na maji ya chumvi na sukari. Kwa hiyo sibishi kwamba vibanda vichafu vipo. Ninachobisha ni hilo la pili, kuona kwamba mahali pakiwa padogo basi na chakula chake ni duni.

Nitatoa mfano wa mbali, maana mfano wa karibu naona hatauamini.

Mwaka 2014 nilipelekwa Japani kwenye mafunzo ya kilimo, katika mji wa Tsukuba, mkoa wa Ibaraki. Ukipanda treni ya haraka kituo cha Akihabara, Tokyo, dakika 45 umefika. Ni mji wa watafiti na vyuo, barabara zake pana, na ukitoka kidogo tu katikati ya mji unakuta majaruba ya mpunga yamepakana na nyumba za watu. Tulikuwa tukila kwenye bwalo la kituo, na chakula kilikuwa kizuri, sina neno. Lakini mwenyeji wetu, mama wa makamo aliyekuwa akitutafsiria, aliona tunavyolichoka lile bwalo. Jumamosi moja akaniambia, twende nikakupeleke mahali ukale rameni, yaani bakuli la tambi ndani ya supu ya moto.

Nilikataa. Mimi ni Mwislamu, na nilikuwa nimeshaonywa kwamba supu ya rameni nyingi ni ya mifupa ya nguruwe, hasa ile ya kule Fukuoka, ambako mifupa inatokoswa kwa saa nyingi mpaka maji yanakuwa meupe pepe. Juu yake tena wanapanga vipande vya nyama hiyohiyo. Akanijibu kwamba lipo duka moja nje ya mji ambalo mwenyewe hatumii nguruwe hata chembe, ni kuku na samaki basi. Si kwa ajili ya dini, ndivyo anavyopenda yeye. Tukaenda.

Duka lenyewe ukipita kwa gari huku unaongea hulioni. Liko kando ya barabara, jirani na fundi matairi, na wenye duka wanaishi nyuma yake. Mlangoni limeninginia pazia fupi la kitambaa cha buluu, unainama kidogo kupita. Ndani hakuna meza. Kuna kaunta moja ya mbao yenye viti vinane mbele yake, na upande wa pili wa kaunta ndiyo jikoni, ukinyoosha mkono unamgusa mpishi. Mume anapika, mke anaosha vyombo na kupanga. Hakuna mtumishi mwingine.

Ukiingia unaanza na mashine iliyo pale mlangoni. Unatia pesa, unabonyeza kitufe cha chakula unachotaka, inatoa tiketi, unampa mpishi tiketi. Mpishi hashiki noti kabisa. Msomaji wenu aliandika sana juu ya usafi na mwekezaji. Mashine ile haikuhitaji ghorofa. Hata bila mashine, kopo la kutumbukizia hela na mtoto wa kuliangalia vingetosha.

Vitufe havikuwa vingi. Rameni ya soya, rameni ya chumvi, yai la kuongeza, tambi za kuongeza, wali. Kabla sijabonyeza, mwenyeji wangu alimuuliza mpishi kuhusu pombe, kwa sababu Wajapani hutia mvinyo wa mchele kwenye vyakula vingi, na hata sosi ya soya mara nyingine huongezwa pombe ili isiharibike. Yule mzee hakununa wala hakucheka. Alizunguka kaunta na chupa mkononi, akaiweka mbele yetu, wakainamia maandishi ya nyuma pamoja huku akifuatisha kwa kidole. Ilikuwa na pombe. Akasema basi nile ya chumvi, kitoweo chake anakichanganya mwenyewe na hakina kitu hicho. Nimekula kwenye mahoteli makubwa ya hapa kwetu ambako ukiuliza mafuta waliyokaangia ni ya nini, mhudumu anakutazama juu mpaka chini.

Nikabonyeza ya chumvi. Yeni 700, kama shilingi 11,000 za wakati ule.

Sasa niieleze kazi yenyewe, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwanza alimimina maji ya moto kwenye bakuli tupu, akaliacha lipate joto, akayamwaga. Akatia chini ya bakuli kijiko cha kile kitoweo cha chumvi, kisha mafuta kidogo ya kuku. Tambi zilikuwa zikichemka pembeni ndani ya vikapu vya waya vyenye mpini, kila mteja na kikapu chake. Kisaa kikalia. Akateka supu kwenye sufuria kubwa, akaimimina juu ya kitoweo, akainua kikapu na kukikung'uta kwa nguvu kuelekea chini, maji yakaruka sakafuni. Akazilaza tambi bakulini, akazinyoosha kwa vijiti zikakaa upande mmoja. Juu yake vipande vya kuku, yai lililopasuliwa ambalo kiini hakijaganda, majani ya kitunguu, na karatasi nyeusi ya mwani imesimamishwa ukingoni. Tangu tambi ziingie majini hadi bakuli liwe mbele yangu ni dakika chache mno, lakini ile supu ilikuwa imeanza jana yake.

Tambi hizo ni za ngano, ila unga wake unakandwa kwa maji yenye magadi. Magadi ndiyo yanayozipa umanjano na ukakamavu, zisilegee upesi ndani ya supu. Hapo nilicheka peke yangu. Magadi sisi tunayajua kwenye maharage tu.

Wenzangu pale kaunta walikuwa wafanyakazi wa karakana na kijana mmoja mwenye begi la shule. Hakuna aliyekuwa akiongea. Walikuwa wanazivuta tambi kwa mdomo kwa kishindo, fyuuu, tena bila haya, maana kule ndivyo zinavyoliwa: zinaliwa zikiwa za moto na haraka, kabla hazijalegea. Nyumbani ningemfinya mtoto anayekula vile. Maji ya kunywa ni ya bure, unajimiminia mwenyewe. Ukimaliza unaliinua bakuli na kuliweka juu ya kaunta, unapangusa mahali pako kwa kitambaa, unashukuru, unatoka. Hakuna bahashishi, na ukiacha chenji watakukimbilia barabarani wakurudishie.

Mimi nilichelewa kumaliza kwa sababu ya ile supu. Ilikuwa nyepesi, unaona mpaka chini ya bakuli. Unameza, unadhani umekunywa supu ya kuku, halafu nyuma yake inakuja ladha nyingine ambayo niliijua tangu utotoni. Nikamwambia mwenyeji wangu, hii ni dagaa. Akamuuliza mpishi. Mzee akafungua kopo, akanimiminia dagaa wakavu kwenye kisahani. Wa baharini, wanachemshwa kidogo halafu wanaanikwa, kama tunavyofanya pwani yetu.

Wateja wa mchana walipokwisha, mke wake alitandika gazeti mwishoni mwa kaunta, akamwaga dagaa wa kesho yake, akaketi. Anamshika mmoja, anabana kichwa kwa kucha na kukivuta kwa namna ambayo utumbo mweusi unatoka pamoja na kichwa, kisha anampasua mgongoni kwa kidole gumba wanakuwa vipande viwili. Vichwa na matumbo upande huu, nyama upande ule. Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu kichwa na utumbo ndivyo vinavyoleta uchungu kwenye supu na ile harufu nzito. Nyama iliyosafishwa inalowekwa kwenye maji baridi usiku kucha pamoja na kipande cha mwani mkavu. Asubuhi inawekwa kwenye moto mdogo, na mwani unatolewa kabla maji hayajachemka, vinginevyo supu inakuwa na utelezi na uchungu. Baadaye ndipo wanapochanganya na supu ya kuku. Nilivuta kiti nikamsaidia. Lugha hatukuwa nayo, lakini kazi ya dagaa haihitaji mkalimani.

Kuhusu mwani niseme mapema, kabla akina mama wanaolima mwani pwani ya Mtwara na Kilwa hawajaanza kuuchemsha: mwani wetu si wa jamii hiyo. Wetu unakwenda viwandani kutolewa ute wa kugandishia vyakula na dawa. Ule wa supu ni mwani wa majani mapana wa bahari ya baridi, mwingi unavunwa Hokkaido, kaskazini kabisa.

Lakini pale kaunta kulikuwa na kitu kingine. Karibu na kila viti viwili waliweka kinu kidogo cha mkono, kimejaa ufuta uliokaangwa. Unakizungusha juu ya bakuli lako, unasagika papo hapo, na harufu inapanda yote kwa pamoja. Nimefanya kazi na ufuta tangu nikiwa msichana wa chuo. Nimehesabu mistari shambani, nimewaeleza wakulima jinsi ya kufunga miganda na kuisimamisha ili vitumba visipasukie chini, nimelala maghalani wakati wa minada. Ila sikuwahi kuunusa ukiwa umesagwa mbele yangu juu ya supu. Mwenyeji wangu aliomba pakiti ulimotoka, akanisomea nchi zilizoandikwa. Tanzania ilikuwemo.

Japani karibu ufuta wake wote inaununua nje, na sisi ni miongoni mwa wanaowauzia. Siwezi kuapa kwamba ule ulitoka Nachingwea. Ila kila anayefuatilia minada anajua kwamba sehemu kubwa ya ufuta wa nchi hii inatoka Lindi na Mtwara. Tunaupakia kwenye magunia, tunasubiri bei, tunalipwa, basi. Bibi yangu alikuwa akiutwanga na kuutia kwenye kisamvu. Wajukuu zangu wanaujua kwenye kashata.

Msomaji wenu anaweza kusema Wajapani ni matajiri, mambo yao hayatuhusu. Basi na ajue rameni ilianzaje. Tambi zenyewe zililetwa na Wachina. Mwaka 1910 lilifunguliwa duka la Rairaiken pale Asakusa, Tokyo, likawalisha watu wa kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi ikiwa na njaa na ngano ya Marekani ikiingia kwa wingi, zilipikwa kwenye mikokoteni ya barabarani na sokoni kwa magendo, zikaliwa na vibarua na watu wasio na kwao. Mfanyabiashara mmoja, Momofuku Ando, aliona foleni ya watu wakisubiri bakuli kwenye kibanda cha namna hiyo kule Osaka, na mwaka 1958 akatoa tambi za pakiti za kumiminia maji ya moto. Zile ambazo watoto wa Lindi leo wanazitafuna kavukavu njiani wakitoka shule, chanzo chake ni foleni ile ya kibandani. Mwaka 1994 Wajapani wakafungua makumbusho nzima ya rameni kule Shin-Yokohama. Na mwaka 2015 wale Wafaransa wa Michelin, kitabu cha kupima migahawa, ambao nyota yao inatafutwa na wapishi wa mahoteli ya kifahari duniani, walilitunuku nyota duka la rameni linaloitwa Tsuta, katika mtaa wa Sugamo, Tokyo. Lilikuwa na viti tisa.

Wauza rameni hawakungoja hoteli ije kwanza.

Turudi kwetu. Mtwara jioni utakuta watu wamezunguka sufuria la supu ya pweza, kila mmoja na kikombe chake, wamesimama. Msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, utakuta mabeseni yake barabarani. Stendi ya Lindi kuna akina mama wa supu na chapati ambao saa tatu asubuhi sufuria limekwisha na wanaosha vyombo. Hivi ndivyo lilivyokuwa duka la yule mzee: supu ikiisha, pazia linashushwa, hata kama bado ni mchana. Tofauti niliyoiona haiko kwenye jengo. Yule mzee anapika vitu viwili tu na ladha yake yote anaitengeneza mwenyewe tangu usiku. Sisi siku hizi supu ya kuku wa kienyeji, aliyehangaikiwa kijijini miezi mingi, tunamtumbukizia kiungo cha kiwandani, na supu zote za mji zinakuwa na ladha moja.

Sikuishia kulalamika. Yupo binti mmoja anauza supu ya kuku pale stendi, ananiita bibi. Nilimpelekea dagaa, nikamwonyesha kuwatoa vichwa na kuwaloweka, tukachanganya na supu yake. Alionja, akatafakari, akasema, "Bibi, ni tamu, lakini mteja akisikia dagaa kwenye supu ya kuku atasema sufuria sikuosha." Nilimwelewa. Wateja ni wake, anawajua kuliko mimi.

Ufuta aliukubali. Anaukaanga kwenye kikaango kikavu mpaka uanze kuruka, anautwanga usilainike sana, anachanganya na chumvi na pilipili ya kichaa, anauweka kwenye chupa yenye kijiko. Vijana wa bodaboda walianza kwa kuunyunyiza kwenye supu kwa kujaribu. Sasa wanautia hadi kwenye muhogo wa kuchemsha, na asiyekuta chupa mezani anadai. Kile kiungo cha pakiti amekiacha mwenyewe, sikumwambia. Anasema kikikutana na ufuta kinaharibu.

Tatizo lake liko kwenye maji. Ufuta wa sokoni una mchanga. Kuupeta hakutoshi, lazima uoshwe na kumwagwa maji, uoshwe tena, mpaka usiusikie mchanga menoni, na yeye maji ananunua kwa dumu. Maji hayohayo ndiyo ya kuoshea vikombe, ndiyo ya mteja kunawa. Sasa mtu mwenye madumu machache kwa asubuhi nzima ataosha nini na kuacha nini? Mkaguzi wa afya akipita atamkuta na beseni moja la maji ya kijivu, ataandika kwamba kibanda ni kichafu, na itakuwa kweli. Ushuru analipa kila siku, risiti anazo kwenye mkoba.

Kwa hiyo wanaopanga bajeti za masoko na stendi, iwe Lindi au Mtwara, naomba wafikirie bomba moja na karo la kuoshea vyombo kwa kila kundi la vibanda, na mfereji wa kutolea maji machafu. Hiyo haingoji mwekezaji. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, sioni kwa nini kikundi kisikopeshwe mashine ndogo ya kuosha na kukaanga ufuta, hapahapa unapolimwa.

Binti yangu wa supu ameniambia kwamba bomba likifika ataosha wa kwake na wa wenzake wa vibanda vya jirani, kwa kuwalipisha. Bei bado hajapanga.

Afisa Ugani Mstaafu,
Mtanda, Lindi